Fishi ilinyamaza, sisi tukafikiri ni amani

Maneno tuliyoyasema mbele ya vikundi vyetu vya tahadhari, Beni



Tulitangaza kwamba leo tutaongea juu ya telefone na programu. Wengine wakatuuliza: watu wanauawa mashambani, barabara ya kwenda Oicha mtu anaipita roho mkononi, na ninyi muko mnaongea juu ya vibonyezo? Swali ni la haki. Hatutalijibu kwa maneno mazuri. Tutalijibu kwa kitu kilichotupata sisi wenyewe, pamoja na aibu yake.

Mnaijua fishi yetu ya tahadhari, ile ya kwenye telefone. Tuliitengeneza usiku, watu wanne, kwenye mashini mbili za kuazima, moto ukikatika tunangoja. Watatu kati yetu wamefanya kazi ya enketa kwa ma-ONG. Wamezunguka vijiji na telefone ya kazi, wameuliza watu maelfu ya maswali juu ya chakula, juu ya maji, juu ya wakimbizi. Sasa mtu wa namna hiyo akitengeneza fishi, atatengeneza ile anayoijua. Yetu ilikuwa na maswali 14. Tarehe, saa, mahali, "axe", "coordonnées", "acteur présumé", waliokufa wangapi, waliotekwa wangapi, nyumba zilizochomwa, foto kama iko. Maswali tisa yalikuwa na nyota nyekundu, maana yake usipojibu huwezi kutuma.

Na tulifurahi, wandugu. Ramani ilitoka safi, kila tahadhari na doa lake, kila doa na saa yake. Tulionyeshana kama watu walionunua pikipiki mpya.

Mwezi wa kwanza tahadhari zilikuja, si nyingi, zote kutoka kwa vijana wetu wa mjini. Kutoka upande wa mashamba, sifuri. Tukafanya mkutano. Mmoja wetu akasema "upande ule hali imetulia", tukaandika hivyo katika ripoti ya mkutano, na ile ripoti bado iko. Hakuna aliyeuliza swali. Tuliona kimya ndani ya fishi, tukakisoma kama amani, na tukaenda kuwaambia wengine vilevile.

Kisha akafika mama mmoja, mulimaji, ameleta muhogo sokoni. Hakuja kwa ajili yetu. Mtoto wa dada yake ni mwenzetu, akamleta atusalimie. Katika kuongea akasema: "Ile kitu yenu ya telefone, nilijaribu mara tatu, ikakataa." Mara tatu! Alikuwa ameona watu wenye silaha wanavuka karibu na shamba lake, wamebeba mizigo, akajificha, akatoa telefone, akafungua fishi yetu. Tukamuuliza ilikataa wapi. Akatuonyesha kwa kidole. Ni pale kwenye "coordonnées".

Sisi tulikuwa tunataka namba za GPS. Yeye alisoma Kifaransa kama watu wote wa inchi hii wanavyokisoma kwenye makaratasi ya biro: coordonnées ni jina lako, adresi yako, namba yako ya telefone. Akasema hivi, tunarudia maneno yake: "Nikajisemea, hawa batoto banataka jina yangu na namba yangu. Kesho hii telefone ikifika mu mikono ya wengine, mimi nitakuwa mutu wa kufa. Nikafunga." Mara ya pili alijaribu kuruka lile swali. Nyota nyekundu. Mara ya tatu aliandika jina la uongo, fishi ikasema hapana, hapa tunataka namba.

Siku ile walimaji wa pale waliambiana wenyewe kwa midomo, wakakimbia, na hakuna aliyekufa. Hatusemi hivi ili tupumue. Tunasema kwamba sisi hatukuwa na sehemu yoyote katika kupona kwao, na tulikuwa tumeandika kwamba hali imetulia.

Tangu siku ile hatupendi tena kusikia mtu akisema "fishi iko muzuri, ni watu tu hawajui kuitumia." Tuliisema sisi. Ni neno la mtu aliyefunga mlango kwa ndani, halafu anashangaa kwa nini hakuna mgeni.

Tukaanza kusoma wengine walifanya namna gani. Tukakuta kwamba watu wenye akili na pesa kuliko sisi walipita njia ileile na kuangukia shimo lilelile. Tuwaambie moja, kwa sababu inagusa usalama wetu.

Mwaka 1991, mmarekani anayeitwa Phil Zimmermann alitoa programu ya kuficha barua za kompyuta, jina lake PGP. Ilikuwa imara sana. Wajuzi waliipenda na bado wanaiheshimu. Mwaka 1999, watafiti wawili, Alma Whitten na J. D. Tygar, wakachukua PGP 5.0, ambayo wakati ule ilisifiwa kwamba vibonyezo na picha zake ni rahisi, wakawapa watu 12 waliozoea kutumia imeli. Wakawapa dakika 90. Kazi ilikuwa kama ya kwetu: jifanye uko katika timu ya kampeni ya uchaguzi, tuma mpango wa kampeni kwa wenzako, bila mtu mwingine kuusoma. Theluthi moja tu ndio walifika mwisho vizuri. Na watu watatu kati ya 12 walituma ile siri wazi kabisa, kwa kukosea tu. Wengine hawakujua watumie funguo ya nani ili kufunga barua.

Na msifikiri hiyo ilikuwa zamani. Mwisho wa mwaka 2012, Edward Snowden, aliyekuwa anafanya kazi ndani ya upelelezi wa Marekani, alitaka kumpa mwandishi Glenn Greenwald habari kubwa kuhusu serikali inavyosikiliza watu. Akamwandikia bila kujitambulisha, akamwomba kwanza aweke PGP. Greenwald akasema sawa, kisha kazi zikamzidi. Snowden akamtengenezea mpaka video ya kumfundisha hatua kwa hatua. Bado hakuweka. Mwishoni Snowden akageukia mtengeneza filamu Laura Poitras, aliyekuwa tayari anajua mambo hayo, na habari zikatoka Juni 2013. Greenwald alikuja kuingia, lakini fikirini: habari iliyotikisa dunia ilikaa miezi nje ya mlango, na aliyekuwa ndani hakuwa mjinga wala mvivu. Alikuwa mtu mwenye kazi nyingi aliyeletewa kifaa kigumu. Sasa mulimaji aliyejificha ndani ya muhogo, mnamtaka afanye vizuri kuliko huyo?

Halafu Aprili 2016 WhatsApp ikatangaza kwamba ujumbe wote, wa watu zaidi ya bilioni moja, unafungwa kwa siri tangu telefone ya anayetuma mpaka ya anayepokea. Mama anayeuza makala hakubonyeza kitu. Hakusoma kitabu. Siku moja alilala barua zake ziko wazi, akaamka ziko ndani ya bahasha. Na yule mjuzi hakunyimwa: ukiingia ndani ya jina la mtu, utakuta kodi ya usalama, tarakimu 60, unaweza kuzilinganisha na za mwenzako, mkajua kwamba hakuna aliyeingia katikati. Wengi wenu hamjawahi kuifungua. Si dhambi. Inamngoja anayeihitaji, na haimzuii asiyeihitaji.

Hatuisifu kampuni, tafadhali msituelewe vibaya. Ujumbe kufungwa njiani hakusaidii kitu kama kwenye barieri mtu anakuambia "leta telefone, fungua." Tutarudia hilo kidogo mbele. Tunachosema ni juu ya mpango: usalama ulitolewa mgongoni mwa asiyejua, ukawekwa ndani ya kifaa.

Kuna mtu aliyeitwa Larry Tesler, alifanya kazi Xerox kisha Apple, alikuwa kati ya watu waliotuletea ile kukata na kubandika ya kwenye kompyuta, alifariki 2020. Yeye alikuwa anasema kwamba kila programu ina ugumu wake usiopungua. Huwezi kuufuta. Kitu unachoweza kuchagua ni nani ataubeba: aliyetengeneza, au anayetumia. Sisi tulipousoma huu mfano tuliona moja kwa moja kwamba ni siasa. Mzigo hauyeyuki. Anayesema ameupunguza, muulizeni ameutua kichwani kwa nani.

Chukueni mashini ya kura. Hapa hatuongelei wizi wa kura, hiyo tumeisema na tutaisema mahali pengine. Tunaongelea kile kifaa tu. Desemba 2018 tume ya uchaguzi ilileta mashini zaidi ya laki moja, zilizotengenezwa Korea ya Kusini. Sababu yao ilieleweka: wagombea walikuwa wengi mno, karatasi ya kura ya deputé katika miji mikubwa ilikuwa inakuwa kitabu kizima, na kuchapisha na kusafirisha makaratasi hayo katika inchi isiyo na barabara ni mateso. Kwa hiyo mashini ilimpunguzia mzigo nani? Aliyeandaa. Ule mzigo ukaenda kwa mpiga kura, ambaye wengine ilikuwa mara yao ya kwanza kugusa kioo cha namna hiyo, peke yao, na foleni nyuma inanung'unika. Katika vituo vingi wazee walihitaji mtu wa kuwabonyezea. Na mtu akikubonyezea, amejua umemchagua nani. Siri ya kura, ambayo iko katika Katiba, imekwisha, na hakuna aliyeiba kitu.

Tuwe wakweli pia, ile mashini ilikuwa na kitu kizuri: foto za wagombea, na karatasi inayotoka na chaguo lako imeandikwa, unaiangalia kabla ya kuitia ndani ya sanduku. Aliyewaza hayo alimfikiria mwanzaji. Lakini kitu hakikupewa muda. Watu walikionyeshwa kidogo kidogo, huku na kule, na siku yenyewe ndiyo ikawa masomo.

Na sisi wa Beni tunajua upande wa pili. Tarehe 30 ile ya Desemba 2018 tulinyimwa kura, sisi na Butembo na Yumbi, wakisema Ebola na usalama. Watu wa mji huu wakajipangia kura yao ya alama, na makaratasi na kalamu. Hakuna aliyeuliza "nabonyeza wapi?" Tunawakumbusha tu kwamba karatasi nayo ni kifaa, na wakati mwingine ndicho kinachotosha.

Sasa turudi kwenye fishi, ju hadithi haikuishia pale.

Baada ya yule mama, tulikasirikia nafsi zetu, tukatupa kila kitu. Maswali yote 14, nje. Tukabakiza kibonyezo kimoja kikubwa chekundu: TAHADHARI. Unabonyeza, imekwenda. Tulifikiri tumempenda raia.

Wiki mbili, wandugu, wiki mbili tu. Kikundi cha kuhakikisha, wale wanaokaa usiku kupiga simu, walikuja kutulaumu, na walikuwa na haki. Tahadhari tatu zinaingia ndani ya nusu saa. Ni jambo moja limeonwa na watu watatu, au ni mambo matatu? Hawajui. Ni la sasa, au ni mtu amesikia leo habari ya juzi? Hawajui. Usiku mmoja tetesi moja ilihesabiwa mara tatu, ikawa "wameingia sehemu tatu", ikafika kwenye magrupu, na familia zikatoka na magodoro kichwani kwa kitu ambacho hakikuwako. Ndiyo, tumekuwa pia watu waliokimbiza watu bure. Na mtu ukimkimbiza bure mara mbili, mara ya tatu atabaki nyumbani.

Kwa hiyo yule anayesema "rahisisha tu" naye hajafikiri mpaka mwisho. Tulipomwondolea mulimaji mzigo wote, tuliutua kichwani kwa dada anayehakikisha saa nane za usiku. Yeye ni mjuzi, anastahili kifaa cha kazi yake: kupanga tahadhari kwa saa, kuunganisha mbili zikawa moja, kuona nani mwingine aliye karibu wa kupigiwa. Ukimpa mjuzi kitu cha mtoto, atakiacha na kurudi kwenye karatasi na WhatsApp yake, na kazi itapotea.

Jibu tulilipata barabarani. Angalieni dada yule anayeuza unite chini ya mwavuli, hapo kwenye rond-point. Wewe ukitaka kununua mega unapiga namba ya kampuni, inakuletea orodha: moja hiki, mbili kile, unajibu, inakuletea nyingine, unajibu tena, mpaka unafika. Yeye haangalii hata kioo. Anapiga mfululizo wote kwa mara moja, nyota, namba, nyota, namba, reli, huku anakurudishia chenji na kugombeza mtoto. Kifaa ni kilekile. Mwanzaji anashikwa mkono hatua kwa hatua, na mjuzi anakata njia. Na hakuna siku alifundishwa kwenye seminari: alianza kama wewe, akachoka na orodha, akagundua kwamba majibu yale anaweza kuyaunganisha. Njia ya mwanzaji ndiyo iliyomfundisha njia ya mjuzi.

Fishi ya sasa iko hivi, na mtaiona leo mchana. Ukifungua, maswali ni matatu. Kuna nini: picha tano, unagusa moja. Wapi: unaandika au unasema kwa sauti jina la mahali vile watu wa pale wanavyopaita, "nyuma ya kanisa", "kwenye daraja la miti", hatutaki namba za mbinguni. Lini: sasa hivi, leo, jana. Unatuma. Imekwisha, imefika, kikundi kimeanza kazi. Ndipo chini yake inakuuliza kama unataka kuongeza mambo. Anayetaka anaongeza, yale maswali mengine yote yako pale, hakuna nyota nyekundu hata moja. Asiyetaka anafunga na kukimbia. Na wale wenye kuzoea wanaweza kutuma SMS fupi, tarakimu ya jambo, mahali, lini, bila mega na bila kufungua kitu, kama dada wa unite.

Upande wa kikundi cha kuhakikisha, kuna meza nzima, safu, vichujio, ramani ya GPS kwa atakayeiweka. Ni data zilezile. Mama wa shamba na dada wa usiku wanashika kamba moja, kila mmoja mwisho wake.

Lile jina la mahali lilituletea ubishi, tuwaambie. Vijana wa mashini walisema "nyuma ya kanisa" si data. Tukawajibu: nani ni mwanzaji hapa? Mama yule anajua kila njia ya mguu, anajua mto unavukika wapi mwezi wa kumi na moja, anajua shamba lile la kakao ni la nani na limelala tangu lini. Wewe pale umepotea. Kwenye kioo yeye ndiye mgeni, kwenye ardhi mgeni ni wewe. Basi wewe uliye na mashini na moto na kiti, kaa, tafuta kanisa liko wapi kwenye ramani. Huo ugumu ni wako.

Na kuna kitu cha pili tulichelewa kukiona. Mjuzi si mjuzi saa zote. Sisi tuliotengeneza ile fishi ya kwanza, mmoja wetu alijaribu kuitumia usiku wa milio ya risasi. Batri asilimia nne, mwanga wa kioo ameuzima ili asionekane, vidole vinatetemeka. Alishindwa kuandika tarehe. Tarehe! Aliyeweka lile swali ni yeye. Tangu hapo tunasema kwamba mwanzaji tunayemtengenezea si "mama asiyesoma" peke yake, neno ambalo hata hivyo tunalisema kwa wepesi mno. Ni kila mmoja wetu akiwa na hofu.

Sasa lile la barieri. Mtu anayejua ataficha mwenyewe: atafuta ujumbe, atabadilisha jina la programu, ataacha telefone nyumbani. Asiyejua atapita vilevile alivyo, na kila kitu kiko wazi mfukoni. Kwa hiyo ulinzi wote tumeuweka upande wa asiyejua. Fishi haiulizi jina. Ujumbe ukishafika unafutika kwenye telefone wenyewe, bila kuulizwa. Picha ya programu haina ngumi wala alama yetu. Anayetaka kuhifadhi nakala, kwa mfano wanaotayarisha faili za mahakama, ndiye atakayeingia ndani na kubadilisha, na itamwonya mara mbili. Zamani tulikuwa tumeweka kinyume, tukiwaambia watu kwenye mafunzo "msisahau kufuta." Msisahau! Kama mtu anayekodisha nyumba bila kufuli halafu anakushauri usilale usingizi mzito.

Kosa nalo tumelipa nafasi. Ukituma kwa bahati mbaya, kwa dakika kumi kuna kibonyezo kimeandikwa NIMEKOSEA. Tuliona kwamba watu wengi hawakuogopa teknolojia, waliogopa kuharibu. Wakijua kitu kinarudi nyuma, wanajaribu.

Kupima. Jakob Nielsen, mjuzi wa kazi hii, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano tu wanatosha kukuonyesha sehemu kubwa ya makosa ya kifaa chako. Kwetu hii ni habari njema, sababu hatuna bajeti. Watu watano na chai. Lakini kuna sharti, na ndilo gumu: wewe uliyetengeneza unakaa kando, mikono nyuma ya mgongo, mdomo umefungwa. Akikwama, unyamaze. Akibonyeza pabaya, unyamaze. Akikuuliza, unamwambia "ungefanya nini kama sisi hatupo?" Sisi tulishindwa mara ya kwanza. Ndani ya dakika moja mmoja wetu alikuwa ameshamnyang'anya papa mzee telefone: "Lete, nikuonyeshe." Papa akatabasamu, akasema asante, na hatukujifunza kitu. Siku ya shambulio hautakuwa pale kumnyang'anya.

Kupima kwa namna hii kumetuonyesha mambo ya ajabu. Picha ya moto tuliyoweka kwa nyumba zilizochomwa, watu wawili walidhani ni mambo ya umeme, ya SNEL. Neno "tuma" lilikuwa chini kabisa, kwenye telefone ndogo halionekani, watu walidhani wamemaliza na wakafunga. Tungekaa mwaka mzima kwenye mashini zetu bila kujua.

Jambo moja hatujakubaliana, na hatutalificha. Wengine kati yetu wanataka neno la siri ili kuingia, wakisema adui anaweza kutuma tahadhari za uongo akatukimbiza pande zote. Hofu hiyo ni ya kweli, tulishasema tulivyowakimbiza watu bure. Wengine wanasema neno la siri litatuondolea walewale tuliowatafuta, litasahaulika, litaandikwa kwenye karatasi, na karatasi itakutwa mfukoni. Kwa sasa hakuna neno la siri, na hakuna tahadhari inayotoka kwenda kwa watu kabla ya simu mbili za kuhakikisha. Inatuchukua dakika, na dakika ni kitu. Mwenye wazo bora asimame baadaye, tunalihitaji.

Mchana tunagawana vikundi vitano. Kila kikundi kitakuwa na telefone mbili, moja ya vibonyezo na moja ya kioo, na watu watano walioalikwa ambao hawajawahi kuiona fishi. Wako hapo nje, chini ya mwembe, wamekuja kwa miguu, wengine tangu asubuhi sana. Tafadhali waleteeni chai kwanza. Mama wa muhogo ni mmoja wao, lakini yeye tumemwomba asikae kujaribu. Atazunguka vikundi vyote, na akiona mtu wetu anafungua mdomo, amepewa ruhusa ya kumtoa nje.